Yai Namba Tisa na Saa ya Kinyozi

Fundi saa wa mtaa ule watu walimwita Funua. Ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa alichelewa kugeuka, kama mtu anayedhani anaitwa mwingine. Na jina la Funua alilipata kihalali kabisa. Sufuria ikiwa jikoni, atafunua. Bahasha ikiwa mezani, atafunua, hata kama ni ya jirani. Kwenye harusi ya mpwa wake alionekana akiinua kitambaa cha keki kwa kidole kimoja. Akaona alichotaka kuona, akakirudisha kitambaa, akaenda kukaa kwenye kiti chake na uso wa mtu ambaye hajui lolote, na krimu kwenye kidole.

Lakini kabla hujamcheka, mpe chake. Mikono ile wewe huna. Una vidole kumi, sawa, lakini hata viwili tu kama vyake huna. Alikuwa anaokota skrubu ndogo kuliko chembe ya sukari, anaiweka kwenye tundu lake, anaikaza, na huku anabishana na kinyozi wa mlango wa pili kuhusu mpira. Alianza na miaka kumi na miwili, kwa saa ya ukutani ya baba yake. Aliifungua yote juu ya mkeka, akaifunga yote, ikabaki skrubu moja. Saa ikaenda. Baba yake akauliza, hii skrubu ni ya nini? Akajibu, "Hiyo ilikuwa ya ziada, baba." Siku ile mtoto akajua amezaliwa fundi, na baba akajua amezaa tatizo.

Kibanda chake kilikuwa cha kioo, upana wa kabati la nguo, kimebandikwa mbele ya nyumba yake mwenyewe. Mle ndani alikuwa na sheria moja tu: saa ikinyamaza, inafunguliwa. Hakuna kusubiri, hakuna kuibembeleza. Miaka thelathini hajawahi kukutana na saa iliyonyamaza kwa sababu imeamua kupumzika.

Sasa mtu kama huyo akaenda kuoa mkunga.

Mkewe alikuwa amezalisha kwenye ile zahanati ya juu mlimani miaka ishirini na miwili, na nusu ya mtaa ilianzia mikononi mwake. Kazi ya ukunga ukiiangalia kwa mbali utadhani ni kuvuta. Yeye atakwambia kazi kubwa ni kukaa na mikono mapajani, macho wazi, bila kumsumbua mtu anayejua anachofanya. Alikuwa na uwezo wa kukaa kwenye benchi mpaka benchi lenyewe lichoke. Wali wake aliupika bila kufunua. Ndiyo maana mumewe alikuwa anaufunua.

Mkunga alifuga vishingo. Kama hujawaona, ni wale kuku wa shingo tupu, nyekundu, wanaotembea kama wamekabidhiwa koti bila kola. Siku ya ndoa, mama yake alimletea jogoo na mitetea wawili ndani ya tenga. Yeye mama naye alikuwa amepewa na mama yake. Bwana harusi alichungulia tengani, kwa kuwa ni yeye, akauliza kwa adabu zote, "Mama, hawa wanaumwa?" Mama mkwe hajasahau mpaka leo. Akipiga simu, baada ya salamu, lazima aulize: "Na wale wagonjwa wangu, hawajambo?"

Hawajambo kwa miaka ishirini na saba. Mpaka mwaka ule ambapo Funua alitengeneza mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa kazi safi, hapo hatubishani. Alichukua boksi jeupe la kuwekea barafu, akalikatia dirisha la kioo kwenye mfuniko, akatia taa mbili za moto, feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta iliyokufa, kipimajoto, na bakuli la maji lenye mrija unaotokea nje ili maji yaongezwe bila kufungua. Joto halikusogea hata nukta. Mkunga akampa mayai ya kwanza, ishirini. Siku ya ishirini na moja yakaanza kutoboka, kifaranga mmoja akalia, mwingine akajibu, na fundi akacheza peke yake chumba cha nyuma.

Halafu wakanyamaza.

Wewe ungefanya nini sijui. Yeye alifanya alichozoea. Alibana lenzi jichoni, akachukua kibano, akafungua. Alifungua mayai nane kwa usafi ambao daktari angeuonea wivu. Mkunga aliporudi kutoka kazini akakuta vifaranga wanane kwenye trei, wamelowa damu, kiini bado kinaning'inia tumboni kama mfuko usioshonwa. Alivua viatu. Akaangalia mmoja mmoja.

"Hawa hawakuwa wamemaliza," alisema.

Kufikia asubuhi walibaki wawili, na hao wawili hawakufika mwisho wa wiki; yale mayai kumi na mawili mengine hayakutoa kitu. Mkunga hakugomba. Alichimba shimo nyuma ya choo, akafukia, akanawa, akapika. Wiki nzima alikuwa anamwitikia mumewe vizuri kabisa kwa kila kitu, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. Angegombezwa angejitetea. Sasa utajiteteaje mbele ya mtu anayekuuliza kama chumvi imetosha?

Mwezi uliofuata ukapita mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku. Kuku walisimama wamejikunja, wakapindisha shingo zao zile tupu, wakaanguka. Siku kumi banda likawa kimya. Mama mkwe akapiga simu, na safari ile hakuuliza habari za wagonjwa. Alisema kwake pia wameisha wote, hata yule jogoo mzee aliyekuwa anafukuza watu wa kusoma mita za maji. Akauliza taratibu, "Mwanangu, hakuna hata mmoja?"

Hakukuwa na hata mmoja. Kulikuwa na mayai kumi na manne kwenye bakuli juu ya friji, ambayo Mkunga aliyaokota kabla ugonjwa haujafika. Hayo tu. Ukoo mzima wa kuku, tangu kwa bibi, ulikuwa umekaa juu ya friji karibu na betri za rimoti.

Mkunga alifikiri siku mbili. Hakukuwa na kuku wa kuatamia mtaani kote. Mwishoni alibeba lile bakuli mpaka chumba cha nyuma, akayapanga mayai kwenye mashine ya mumewe, moja baada ya jingine, na kuyaandika namba kwa penseli. Alikuwa anayageuza yeye, asubuhi, mchana akipata nafasi, na jioni. Siku ya kumi na nane akayamulika kwa tochi. Mawili yalikuwa matupu, akayatoa. Akajaza maji, akafunga mfuniko, akatoa plasta ya zahanati, ile nyeupe ya kufungia vidonda, akaubandika mfuniko pande zote nne. Halafu akachukua kalamu akatia sahihi juu ya kila plasta, nusu kwenye mfuniko, nusu kwenye boksi.

"Hii nimefunga mimi," alisema. "Itafunguliwa na mimi."

"Mke wangu, unanifungia kama sanduku la kura?"

"Sanduku la kura lina walinzi. Wewe sina wa kukulinda."

Maana hapo ndipo shida ilipokuwa. Mwenzake wa zahanati alikuwa ameteleza bafuni akavunjika mguu, na zamu zake zikamwangukia Mkunga, Jumamosi na Jumapili, kulala hukohuko mpaka Jumapili jioni. Siku zilezile za kutotoa. Kabla ya kuondoka alimkalisha mumewe kwenye kiti, akamweleza kama anavyowaeleza wale mabinti wa mimba ya kwanza.

"Akitoboa tundu la kwanza, anapumzika. Hapo anavuta damu yote iliyo kwenye ule utando wa ndani, anairudisha mwilini. Anavuta kiini tumboni, kitovu kinafunga. Ni kazi ya siku nzima, na anaifanya akiwa kimya. Umenielewa? Ukimya ndiyo kazi yenyewe."

"Nimeelewa."

"Siku nzima na usiku wake, masaa ishirini na nne tangu tundu la kwanza, kama hajasogea, nipigie. Na ukiona utando umekauka, umekuwa kahawia kama ganda la kitunguu, nipigie. Mfuniko ukiufungua bure, unyevu unatoka, utando unawabana wote humo kama nguo iliyosinyaa baada ya kufuliwa. Unaokoa mmoja unaua kumi."

"Nitaangalia kwenye kioo tu."

"Angalia kwa macho," alisema Mkunga akichukua mkoba. "Mikono iache kibandani."

Sasa mwambie mtu kama huyu akae na masaa ishirini na nne. Jumamosi alfajiri, tundu la kwanza lilipotokea kwenye namba nne, alikuwa ameshatembea kutoka kibandani mpaka chumba cha nyuma mara nyingi kiasi kwamba kandambili zake zilianza kulia. Hatua kumi na tisa kwenda, kumi na tisa kurudi. Akifika anachungulia, akiondoka anasahau alichokiona, anarudi. Mtu mmoja alikuja kuchukua saa, akamkuta ameshika bisibisi upande wa ncha.

Ndipo akapata wazo, na kwa kweli lilikuwa wazo la fundi. Kibandani alikuwa na saa za mkononi zilizosahauliwa na wenyewe, na nyingine ambazo wenyewe bado wanakuja kuzibishania. Akachagua kumi na mbili, akazipanga juu ya meza kando ya mashine, kila saa na kikaratasi cha namba yake. Yai likitoboa tu, anaweka mishale ya saa yake kwenye kumi na mbili na kuiachia. Mshale mfupi ukifika tatu, masaa matatu. Ukizunguka ukarudi kumi na mbili, anaweka njiti moja ya kiberiti pembeni. Njiti mbili, siku imetimia. Hakuna kuandika, hakuna kukumbuka. Kichwa kinadanganya, alijiambia, saa haidanganyi, hasa niliyoitengeneza mimi.

Saa ya namba tisa ilikuwa ya kinyozi.

Saa ile ilikuwa na historia. Kinyozi alikuwa ameileta mara tatu akilalamika inachelewa, na mara tatu Funua ameifungua, ameisafisha, ameiweka sikioni na kusema haina ugonjwa. Mara ya mwisho alimwambia, "Anayechelewa ni wewe. Saa inakufuata tu." Kinyozi akaiacha hapo kwa hasira, akisema ataichukua siku fundi atakapokuwa fundi.

Namba tisa ilipasuka kinyozi mwenyewe akiwepo. Alikuwa amesikia kuna mayai yanafungwa kama sanduku la kura, akashindwa kuvumilia, akaja na kitambaa cha kunyolea begani.

"Mbona limetobolea huku chini, kwenye ncha?" aliuliza, pua kwenye kioo. "Wenzake wote wametobolea kichwani."

"Kila mtu na mlango wake." Funua akaweka mishale kwenye kumi na mbili. Akasimama. Akainama. Akasimama. "Hii namba nne imenyamaza sasa ni muda."

"Keti."

"Nimekaa."

"Umesimama, bwana. Keti. Ona mguu wako unavyocheza, utafikiri unashona suruali. Shemeji alisema ngapi? Ishirini na nne? Wewe hata wali wa dakika ishirini na nne hujawahi kuungoja."

Sauti ikaita kutoka nje, ya mtu mzima aliyekwisha kukata tamaa. Kinyozi akapiga paji la uso. Alikuwa amemwacha mwalimu mkuu kwenye kiti, amenyolewa upande mmoja tu, akakimbia.

Saa kumi jioni Funua alimpigia mkewe.

"Namba nne imetoboa tangu alfajiri na imenyamaza."

"Mwache."

"Amenyamaza kabisa, mama."

"Na wewe nyamaza," alisema Mkunga, na kwa nyuma alisikika mwanamke akihema kwa nguvu. Simu ikakatwa.

Alinyamaza, lakini mwili haukunyamaza. Alisafisha meza iliyokuwa safi. Alikaza skrubu za kitasa. Alikunja vidole, akavikunjua, akavikalia. Kitu kimoja kilimrudia kila alipofumba macho: trei, na vile vifuko vya kiini. Usiku tuuache, hakuna aliyelala vizuri isipokuwa mayai.

Jumapili kabla hakujapambazuka, njiti mbili hazijatimia bado, namba nne ikaanza kuzunguka yenyewe. Ilipasua ganda duara zima, taratibu, tik, tik, kama mtu anayefungua kopo. Ikajikaza, kofia ya ganda ikaanguka, akatoka kiumbe amelowa, mbaya kupita kiasi, shingo tupu kama kidole cha mzee. Funua alijikuta amekaa chini sakafuni. Hakuwa amegusa kitu. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa kwenye magoti, na kazi imefanyika. Hilo lilimchanganya zaidi kuliko kama ingeshindikana.

Akafuata namba moja. Akafuata saba. Mchana vifaranga walikuwa tisa mle ndani, wanakanyagana, wanayaviringisha mayai yaliyobaki kama mpira. Walilisukuma namba tisa mpaka pembeni, mbele ya feni. Yeye kila dakika anaangalia saa ya namba tisa. Inaenda. Njiti moja, na mshale kwenye tano. Njiti moja, na mshale kwenye sita. Bado, bado. Na mayai mawili mengine hayajatoboa kabisa, hayo hayamdai kitu.

Saa tisa alasiri akaingia kinyozi.

"Tisa," alihesabu kwenye kioo. "Wabaya wote. Hongera. Na huyu wa pembeni, wangu, vipi?"

"Wako kivipi?"

"Si huyo mwenye saa yangu? Namba tisa."

"Bado. Masaa kumi na tisa. Ana matano mbele yake."

Kinyozi akageuka polepole. "Kumi na tisa tangu lini?"

"Tangu alipotoboa. Njiti moja, na saba. Kumi na mbili na saba. Ulifika darasa la ngapi?"

"Mimi niliishia la nne, lakini jana saa nne asubuhi nilikuwa nimesimama hapa na mwalimu mkuu ana nusu kichwa. Amenitukana kwa Kiswahili sanifu, siwezi kusahau. Jana saa nne mpaka leo saa nne, siku moja. Saa nne mpaka saa tisa hii, matano. Ishirini na tisa, bwana."

"Saa inasema kumi na tisa."

"Saa ipi?"



Funua aliichukua saa ya kinyozi, akaiweka sikioni. Ilikuwa inagonga. Ndiyo iliyomponza, kwa maana saa iliyosimama angeisikia akiwa hata kibandani. Hii ilikuwa inatembea, lakini inatembea kama mtu anayetumwa asikotaka, inaacha dakika ishirini kila saa moja. Aliangalia simu. Aliangalia saa ya ukutani. Akaangalia tena ile ya mkononi, iliyofunguliwa na yeye mara tatu, ikafungwa na yeye mara tatu, ikaapiwa na yeye mbele za watu.

"Inachelewa," alisema.

Kinyozi alikuwa amelisubiri neno hilo miezi minane. Lakini alipomwona mwenzake uso umekwenda jivu, akalimeza, na akakuna tu kidevu.

Funua alibana lenzi jichoni, akalala juu ya kioo. Tundu la namba tisa halikuwa limeongezeka hata kidogo tangu jana. Pembeni mwa tundu, utando ulikuwa wa kahawia, mkavu, umekunjamana. Ganda la kitunguu. Ncha ya mdomo ilionekana imegandiana nao. Ikafunguka kidogo. Ikafunga.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Alijua iko wapi: kwenye kabati la zahanati, ndani ya mkoba, na mwenye mkoba yuko chumba cha pili amevaa glavu.

Na sasa sikiliza maajabu. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa ajili ya kufunua alisimama mbele ya kitu kinachotaka kufunuliwa, na mikono ikagoma. Alitembea zile hatua kumi na tisa, akarudi.

"Labda nimsubiri," alisema. "Atarudi jioni."

"Jioni huyu atakuwa supu," kinyozi akasema.

"Nikiwafungulia hawa wengine..."

"Hawa wengine wamezaliwa, wanataka nini tena? Yapo mawili yasiyotoboa. Fungua, toa, funga. Wewe unabadilisha betri ya saa kabla mtu hajamaliza kupiga chafya."

"Nilisema hivyohivyo safari ile."

Kinyozi alitoa wembe mpya mfukoni, akautoa kwenye karatasi yake, akaushika kwa ncha na kumnyooshea.

Funua akakata sahihi ya mkewe. Akainua mfuniko vidole vinne, mkono ukaingia, ukatoka na yai, mfuniko ukashuka. Alikuwa ametia maji ya uvuguvugu kwenye kikombe. Akachukua brashi yake ndogo kuliko zote, ile ya kupakia mafuta magurudumu ya saa, akaloanisha utando. Tone, akangoja. Tone jingine. Utando ukalainika, ukaangaza, akaona ndani yake. Alikuwa anatafuta wekundu. Upande wa tundu haukuwepo.

Akaanza kumega ganda, vipande vya ukubwa wa kichwa cha pini. Kimoja, brashi. Kimoja, brashi. Akauachilia mdomo. Kifaranga akavuta pumzi na kutoa sauti kama mlango wa kabati. Akaendelea kuzunguka, na alipofika robo ya tatu, chini ya utando ikatokea uzi mmoja mwekundu, mwembamba kuliko unywele.

Kibano kikasimama hewani.

Hapo nakwambia, ile ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na watu waliopita nje wangeona mtu aliyekaa tu. Alimfunga kifaranga kwenye kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kilichokamuliwa, tundu likiwa juu apumue, akamrudisha mashineni mbali na feni, akaweka kibano kwenye droo na kuifunga droo. Akakaa. Akaingiza mikono chini ya mapaja.

"Si amebakiza kidogo tu?" kinyozi aliuliza.

"Hajamaliza."

Dakika kumi. Kinyozi akaenda mlangoni, akarudi. Dakika ishirini. Kinyozi akachungulia kioo, akapangusa kioo, akachungulia.

"Bwana, mtoe basi. Ni miguu tu imebaki humo. Mtu anateseka, wewe umekaa kama uko kwenye mkutano."

"Na wewe nyamaza," alisema Funua.

Saa nzima ilipita. Aliipima kwenye saa ya ukutani. Alipomtoa tena, ule uzi mwekundu ulikuwa umekwenda, utando mweupe. Akamega vipande vichache vya mwisho, akainua kofia ya ganda kichwani mwake, na hapohapo akaacha. Nusu ya chini hakuigusa. Alimweka ndani kama alivyo, kichwa nje, mwili ndani ya ganda, kama mtu aliyeketi kwenye beseni, akafunga mfuniko. Kinyozi alikuwa anasaga meno. Kifaranga alilala, akapiga mateke, akalala. Jua lilikuwa linaelekea kuzama aliposukuma mara ya mwisho, ganda likabaki nyuma, naye akaenda kifudifudi juu ya wenzake. Kinyozi akafuta macho kwa kile kitambaa cha kunyolea, akasema ni nywele.

Mkunga alifika hajavua hata mkoba. Kitu cha kwanza alichokiona ni plasta zilizokatwa. Alisimama hapo. Mumewe alikuwa amepanga maneno mengi, alikuwa na hotuba nzima. Likatoka moja.

"Namba tisa. Masaa ishirini na tisa. Saa yangu ilichelewa."

"Yangu," kinyozi akasema, akachukua kitambaa chake na kutoroka.

Mkunga alinawa mikono. Akafungua kidogo, akamtoa kifaranga, akamgeuza tumbo juu, akanyoosha mkono wa pili bila kuangalia. Funua akajua anataka lenzi, akampa. Aliangalia kitovu muda mrefu. Kilikuwa kimefunga, kikavu, bila doa.

"Ulisimama wapi?" aliuliza.

"Nilipoona wekundu."

"Muda gani?"

"Saa nzima."

Akamwangalia mumewe, kisha akaangalia ile droo iliyofungwa, kisha mumewe tena. Akamrudisha kifaranga. Mayai mawili bado yalikuwa kimya mle ndani. Akakata plasta mpya, akabandika pande zote nne, akatia sahihi yake juu ya kila moja. Halafu akamnyooshea kalamu.

"Weka na yako."

Alikuwa bado anaandika, ulimi nje kama mtoto, simu ilipolia. Mama mkwe. Mkunga akaweka sauti kubwa.

"Wangapi?" sauti yake ikauliza, hata salamu hakuna.

"Kumi, mama. Shingo tupu wote."

Mama mkwe akakohoa, akajirekebisha. "Majogoo wangapi?"

Mkunga akamtazama mumewe. Bila jogoo, kumi wale ni mboga tu za mwakani, na ukoo unaishia hapohapo. Hilo Funua hakuwa amelifikiria.

"Bado hawajajionyesha, mama," alijibu Mkunga. "Mpaka wiki ya nane hivi."

"Wiki nane," alisema Funua.

"Mwanangu," mama mkwe akasema kwenye simu, "huyo mumeo mshikie mikono."

Lakini Funua alikuwa ameshaenda. Hatua kumi na tisa. Alirudi na bisibisi, akakaa mezani, akaivuta saa ya kinyozi, akabana lenzi jichoni na kuifungua kwa mara ya nne, na mguu wake wa kulia chini ya meza ukaanza kushona suruali.